Baridi ya Meru, Baridi ya Uswidi: Albamu Inapimwaje?

Mwaka 1995 kundi la Dissection, vijana wa Strömstad, mji mdogo wa pwani ya magharibi ya Uswidi, lilitoa albamu yake ya pili, Storm of the Light's Bane. Jalada lilichorwa na Kristian Wåhlin: mauti amepanda farasi, msitu umefunikwa na theluji, usiku wote ni buluu. Wapenzi wa black metal, muziki wa magitaa yanayonguruma, dramu za kasi na sauti za kupayuka, wakaipokea na kuipa sifa mbili ambazo hadi leo hazijabanduka. Kwanza, kwamba ukiisikiliza unahisi baridi. Pili, kwamba hakuna aliyewahi kuunganisha ukali na utamu wa mahadhi namna ile. Mazingira na upekee: katika muziki huo, albamu inapita au inaanguka kwa mambo hayo mawili, na mauzo ni habari ya baadaye.

Sisi huku tuna desturi nyingine. Wimbo unaulizwa kama umebamba, nani ameshirikishwa, video imepigwa wapi na kwa shilingi ngapi. Albamu kama kitu kizima, chenye hewa yake kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, ni nadra kujadiliwa. Ndiyo maana nimeiazima mizani ya Waswidi ili niipime nayo kazi iliyotoka Arusha: Maasai Hip Hop ya X Plastaz, iliyotolewa mwaka 2004 na kampuni ya Out Here Records ya Munich, Ujerumani. Arusha nayo ina baridi yake, na vijana wake, kama wale wa Strömstad, walipelekwa sokoni pamoja na mandhari yao. Lakini kabla ya kuiweka albamu kwenye mizani inabidi turudi nyuma sana, maana hewa ya albamu huanza kukusanyika miaka mingi kabla mtu hajaingia studio.

Tuanze na mlima wenyewe. Meru una kimo cha mita 4,566. Ubavu wake wa mashariki uliporomoka zamani za kale na kuacha kasoko iliyo wazi upande mmoja, na mara ya mwisho ulilipuka mwaka 1910. Mbele zaidi, kaskazini magharibi, uko Ol Doinyo Lengai, mlima wa Mungu kwa Wamasai, unaotema lava yenye joto dogo kuliko lava nyingine zote duniani. Inatoka nyeusi, ikikaa kidogo inageuka nyeupe. Mwaka 2007 eneo hilo lilitikisika kwa matetemeko yaliyosikika hadi Nairobi. Kundi lolote la Uswidi lingetoa chochote kupata jalada la namna hiyo.

Miteremko ya kusini ina wenyeji wawili wakubwa. Kuna Wameru, wanaosema Kirwa, lugha iliyo jirani na Kichaga. Na kuna Waarusha, wasemaji wa Kimaa walioshika jembe, wakulima wa migomba na mahindi, waliofika huko kama miaka ya 1830. Uimbaji wa Kimaa kwa kawaida hauna ngoma. Mwimbishaji, olaranyani, anatoa kisa kwa sauti ya juu. Wenzake wanamjibu, na chini yao kunashikiliwa mkoromo wa kooni unaozunguka palepale, ukipanda na kushuka na pumzi. Mapigo yanatoka kwenye miili: shingo, vifua, miguu ya vijana wanaoruka. Msomaji aliweke akilini jambo hilo la sauti inayozunguka bila ngoma, kwa sababu hukumu yangu itaegemea hapo.

Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, chini ya Meru. Wajerumani wakajibu kwa vita vya adhabu. Mwaka 1900 viongozi wa Kimeru na wa Kiarusha walikuwa miongoni mwa walionyongwa Moshi pamoja na Mangi Meli wa Wachaga, na katika kipindi hichohicho Boma la Arusha likajengwa kwa jasho la watu walioshurutishwa. Baada ya damu hiyo misheni ikarudi kwa utulivu: Nkoaranga mwaka 1902, Ilboru mwaka 1904. Pamoja na Biblia vikaja vitu viwili vilivyobadili masikio ya mlima, nyimbo za kanisani za sauti nne na vyombo vya shaba. Wajukuu wa vyombo hivyo bado wako kazini. Jumamosi yoyote ya harusi, kati ya Usa River na mjini, utawakuta wapiga matarumbeta wamejazana nyuma ya pikapu wakiwatangulia maharusi.

Hapa ndipo Uswidi na Meru zinapokutana kwa mara ya kwanza, na si kwenye gitaa. Wajerumani walipowekwa kizuizini wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, mojawapo ya makanisa yaliyoshika kazi ya kaskazini ni Augustana, kanisa la Wamarekani waliotokana na wahamiaji wa Kiswidi. Kwa hiyo mtoto wa Nkoaranga na mtoto wa Strömstad wamelelewa na ukoo mmoja wa nyimbo: polepole, nzito, zenye kupanda kwa ngazi na kutua pamoja. Ukiyasikiliza magitaa ya Dissection kwa makini, chini ya ule mngurumo utaisikia ibada. Watu wanaotukana kanisa kwa maneno wanaendelea kulitumikia kwa mahadhi.

Kanisa la Uswidi lilikuwa kanisa la dola hadi mwaka 2000. Mtoto alizaliwa ndani yake kama alivyozaliwa ndani ya uraia. Black metal ni uasi wa watoto hao na wa majirani zao wa Norwe, ambako mwaka 1992 uasi ulivuka mipaka ya muziki na makanisa ya mbao ya kale, likiwamo la Fantoft mjini Bergen, yakateketezwa kwa moto. Meru haikukosa magomvi na wazungu wala na kanisa, ila magomvi yake yalikuwa na anwani nyingine. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu maelfu ya Wameru kutoka Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi, nyumba zikachomwa, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kuyasema hayo. Miaka ya mwanzo ya 1990 Walutheri wa Meru wenyewe waligombana vikali juu ya dayosisi mpya. Katika yote hayo watu waligombania ardhi, fedha na nani aongoze. Shetani hakuwa na hisa. Anayesubiri Arusha izae black metal ya kumtukana Mungu atasubiri sana, kwa kuwa kinachowauma vijana wa hapa kiko kwingine.

Turudi Stockholm, mwaka 1983. Thomas Forsberg, kijana wa miaka 17 aliyejiita Quorthon, anaanzisha kundi la Bathory. Mwaka uliofuata albamu ya kwanza inarekodiwa kwa siku chache na fedha kidogo, kwenye gereji iliyogeuzwa studio. Sauti imefifia, dramu ziko mbali, uimbaji ni mkwaruzo. Wajuzi walisema papo hapo kwamba kijana amewaiga Venom, Waingereza wa Newcastle ambao albamu yao ya mwaka 1982 ndiyo iliyoupa muziki huu jina lake. Quorthon alikana hadi mwisho. Nadhani mabishano hayo yalikosa kitu kilicho wazi: uduni wa vifaa ulikuwa umetengeneza hewa ambayo Venom hawakuwa nayo. Kilichokuwa kasoro ya fundi kikawa ukungu. Miaka kumi baadaye makundi yenye uwezo wa kulipia studio nzuri yalikuwa yakilipa ili yasikike duni vilevile.

Kisha Quorthon akafanya jambo linalotuhusu moja kwa moja. Kwenye Blood Fire Death ya mwaka 1988 na Hammerheart ya mwaka 1990 alimwacha Shetani akawageukia Waviking, mababu wa Skandinavia wa kabla ya Ukristo. Muziki ukapunguza mwendo, kwaya zikaingia, mawimbi na farasi vikasikika. Ulimwengu ukaamini kwamba hii ndiyo sauti halisi ya Kaskazini. Hebu tazama vifaa vyake. Jalada la kwanza ni mchoro wa Peter Nicolai Arbo, Mnorwe, wa mwaka 1872. La pili ni mchoro wa Frank Dicksee, Mwingereza, wa mwaka 1893. Mtunzi ni mtoto wa mji mkuu ambaye hakuwahi kupiga makasia wala kuabudu Odin, na ambaye kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya muziki hakupanda hata jukwaani. Uviking wake ulikuwa wa vitabu na picha. Na bado Hammerheart ni albamu kubwa, kwa sababu alichokijenga kwa vipande vya kuazima kilisimama kwa sauti yake mwenyewe, uimbaji wake mbovu ukiwamo.

Mfano wa kinyume upo jijini humohumo. Kwenye studio ya Sunlight, fundi Tomas Skogsberg na vijana wa Entombed walirekodi Left Hand Path, iliyotoka mwaka 1990, albamu ya death metal, binamu wa black metal. Mngurumo wake ulitoka kwenye kikanyagio cha gitaa cha Kijapani, Boss HM-2, vifundo vyote vikiwa vimezungushwa hadi mwisho. Sauti hiyo ikaitwa sauti ya Stockholm. Baada ya hapo yeyote mwenye kikanyagio kile aliweza kuinunua Stockholm dukani, na makundi yakafanya hivyo kwa mamia, hadi hewa ikageuka sare.

Dissection waliponea hatari hiyo kwa kuchukua mahadhi pacha ya magitaa ya heavy metal ya Uingereza, wakayazamisha kwenye kasi na huzuni, na katika studio ya Dan Swanö yakatoka yamekazana. Hakuna kipande kipya hapo. Mpangilio ndio mpya. Sitaificha habari inayofuata, ingawa wapenzi wengi huipita kwa haraka. Mwaka 1997 mhamiaji kutoka Algeria aliuawa kwa risasi jijini Göteborg, na Jon Nödtveidt, kiongozi wa kundi, akahukumiwa kifungo kwa kushiriki mauaji hayo. Alitoka mwaka 2004, akajiua mwaka 2006. Mtu anaweza kusema kazi na mtu ni mbalimbali. Mimi ni Mwafrika ninayeisikiliza albamu yenye kutukuza mauti, nikijua ni nani aliyekufa kweli. Baridi ile inanifikia kwa njia nyingine.

Wakati Quorthon bado mtoto mdogo, Arusha ilikuwa inaunda hewa yake kwa muziki wa dansi. Mwaka 1970 ndugu wa Kinyonga, Wilson na George, waliotoka Jamhuri Jazz ya Tanga, walihamia Arusha na kupiga na Arusha Jazz. Mwaka uliofuata wakavuka kwenda Kenya, na huko wakawa Simba Wanyika. Kuhama huko kunaeleza mengi. Arusha iko kama kilomita 270 kutoka Nairobi na zaidi ya mara mbili ya hapo kutoka Dar es Salaam. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Aliyetaka santuri alikwenda Nairobi, na aliyebaki alitegemea studio ya Redio Tanzania Dar es Salaam. Mji wa kaskazini ukawa stendi: wanamuziki wanafika, wanapiga, wanaondoka. Mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977 hadi 1983, hata stendi ilipoa.

Kilichobaki Arusha ni watu na vurugu zao. Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilitangazwa hapa, na mwaka huohuo tanzanaiti ikagunduliwa Mirerani. Vijana wakaanza kumiminika mashimoni. Wanaapolo, ndivyo wachimbaji wale wanavyoitwa, walikuwa wanazama mamia ya mita chini ya ardhi kwa kamba na tochi, wakitoka na jiwe wanamaliza fedha mjini kwa siku tatu. Aprili 1998 mafuriko yaliingia mashimoni na kuua makumi ya wachimbaji. Ukitaka kujua kwa nini rap ya Arusha ina sauti ya kifuani, isiyocheka, na kwa nini Kiswahili cha machalii wa Chuga, yaani Arusha, kina ubabe ambao Dar hawana, anzia kwa wanaapolo. Mchango wao kwa lugha ya mtaa wa Unga Limited na Ngarenaro ni mkubwa kuliko wa redio yoyote.

Upande wa pili wa mji, Imbaseni karibu na Usa River, kulikuwa na chemchemi ya aina nyingine. Pete O'Neal, aliyekuwa kiongozi wa Black Panther mjini Kansas City, alifika Tanzania mwaka 1972 pamoja na mkewe Charlotte, anayejulikana kama Mama C. Mwaka 1991 wakaanzisha kituo cha United African Alliance, na humo vijana wa Arusha wakapata madarasa, jukwaa na baadaye vifaa vya kurekodia. Kwa hiyo rap haikufika Meru kwa kanda za video tu. Ilikuwa na wazee wake palepale kijijini, watu waliokuwa wamebeba historia ya weusi wa Marekani kwenye miili yao.

Nchini kote mwanzo ulikuwa wa kuiga. Mwaka 1991 Saleh Jabir alitia Kiswahili juu ya biti za Wamarekani na umma ukashangilia. Redio binafsi zikafunguka katikati ya miaka ya 1990. X Plastaz wakaanza mwaka 1996 Arusha, na katika mtiririko wa majina tutakayoyakumbuka wamo Faza Nelly, Ziggy, Gsan, Steve, Dineh, na Merege, mwimbaji wa Kimasai. Mholanzi Thomas Gesthuizen, mpenzi wa hip hop ya Afrika, akawashika mkono, wakazunguka Ulaya, na Munich wakaitoa albamu.

Na sasa mizani.

Nianze na upekee, kwa kuwa huo ndio uliotangazwa zaidi. Hip hop ilizaliwa Bronx kwa kuchukua kipande cha santuri na kukizungusha. Mkoromo wa waimbaji wa Kimaa ni kipande kinachozunguka tangu enzi, ila hauna ngoma. Hip hop ina ngoma tele na njaa ya kitu cha kuzungusha. Kwa hiyo ndoa ya viwili hivyo ina mantiki ya muziki ndani yake, kila upande ukileta kile ambacho mwenzake hana. Pale Merege anapobeba kiitikio na marapa wakaingia chini yake, hasa kwenye nyimbo kama "Aha!" na "Msimu kwa Msimu", unasikia kitu ambacho hakikuwapo Dar, Nairobi wala Bronx. Anaimba kwa kiwango chake mwenyewe, hajanyooshwa afuate kinanda. Huo ni upekee wa daraja la Hammerheart, na katika jambo moja unaupita: Quorthon alilazimika kuwabuni mababu, Merege alikuwa hai ndani ya studio.

Kuna sehemu nyingine za albamu ambako sauti yake inaletwa mwanzoni, inaonjwa, kisha biti ya kawaida inaendelea na safari yake. Hapo Umasai ni kachumbari pembeni ya sahani. Sehemu hizo zimezeeka vibaya.

Ili kuona tofauti, mweke pembeni Mr. Ebbo. Abel Motika alikuwa Mmasai, na wimbo wake "Mi Mmasai" wa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulimfanya apendwe nchi nzima. Yeye alichukua lafudhi. Alirap Kiswahili kama watu wa mjini wanavyodhani Mmasai anakizungumza, akatuchekesha, na ndani ya kicheko akatuchapa sisi tunaoukana utamaduni wetu. Alifariki Arusha Desemba 2011, na bado sijaona aliyeirithi kejeli ile. Lakini muziki uliokuwa chini ya maneno yake ungeweza kuwa wa msanii mwingine yeyote wa Bongo Fleva. Ebbo alitoa Umasai kwenye ulimi. X Plastaz, walipofaulu, waliutoa kwenye muundo wa wimbo wenyewe.

Mazingira ni habari ndefu kidogo. Jina la albamu linaahidi nyika, shuka na mikuki. Mashairi yanakupa Arusha: polisi, njaa, ubabe, msela asiye na kazi, dua. Msikilizaji wa Munich asiyejua Kiswahili alisikia mbuga; msikilizaji wa Kaloleni alisikia mtaa wake na jirani Mmasai akiimba ng'ambo ya ukuta. Albamu ileile ina hewa mbili, na mimi naipenda zaidi hii ya pili. Arusha yenyewe ndivyo ilivyo. Mmasai wa mjini analinda geti usiku na kutuma fedha kwa simu, Mwarusha anauza ndizi sokoni Tengeru, Mmeru anatoka kwenye zoezi la kwaya. Jina la Maasai Hip Hop liliwafuta wote hao ili kuuza mmoja, na hata huyo mmoja likamuuza kama alivyo kwenye kadi za posta. Hapo kampuni ilifanya kile Waswidi walichofanya na Waviking, tofauti ikiwa kwamba Quorthon alijivisha mwenyewe.

Wimbo ninaourudia zaidi wa X Plastaz ni "Nini Dhambi kwa Mwenye Dhiki". Swali la jina lake ni la kanisani, limeletwa mtaani na kuachwa mlangoni kwa mwenye nacho. Sikilizeni vijana wa mlima uliopewa Ulutheri kwa mtutu na tarumbeta: hawalichomi kanisa, wanalihoji kwa msamiati wake wenyewe. Kwangu mimi swali hilo lina giza zito kuliko misalaba yote iliyopinduliwa kwenye majalada ya Uswidi, kwa kuwa anayeuliza ana njaa kweli.

Faza Nelly aliuawa Arusha mwaka 2006. Kundi liliendelea, na mwaka 2009 Gsan alisimama kwenye mzunguko wa marapa wa tuzo za hip hop za BET nchini Marekani akirap Kiswahili, lakini ile hewa ya albamu ya kwanza haikurudi tena. Waliokuja nyuma yao, Watengwa wa Kijenge, Nako 2 Nako, na hatimaye Weusi wakiwa na Joh Makini, Nikki wa Pili, G Nako, Lord Eyez na Bonta, walichagua njia nyingine: Uarusha wa lafudhi, wa kofia na ubabe, usio na olaranyani. Wakafanikiwa sana. Nikki wa Pili aliteuliwa hata kuwa mkuu wa wilaya ya Kisarawe mwaka 2021. Walikuwa na haki ya kukataa shuka ya maonyesho, na "Hawatuwezi" ya Nako 2 Nako ina hewa ya kaskazini bila kuvaa chochote. Ila hip hop ngumu nayo ikawa na vifundo vyake vilivyozungushwa hadi mwisho: sauti nzito, biti ya giza, majigambo ya Chuga. Chipukizi wengi waliofuata walinunua Arusha dukani, kama wale wenye vikanyagio vya Stockholm.

Kama kuna albamu ya Afrika Mashariki iliyowajibu Waswidi uso kwa uso, ni Duma, ya Martin Khanja na Sam Karugu, vijana waliotoka kwenye makundi ya metal ya Nairobi. Waliirekodi Kampala na Nyege Nyege Tapes wakaitoa Agosti 2020. Humo mna mayowe ya black metal, dramu za kompyuta zinazokimbia hadi zinakuwa ukuta, na kelele za umeme zisizo na gitaa la kutambulika. Lebo hiyohiyo ndiyo iliyoisambaza singeli ya studio ya Sisso ya Dar es Salaam, na kwa masikio yangu undugu upo: mwendo wa singeli na mwendo wa dramu za black metal uko jirani, na kote kuwili kasi ikizidi sana inageuka utulivu wa ajabu. Duma hawakujipaka usoni rangi za maiti za black metal wala kuvaa mashuka. Mwaka 2024 Khanja, kwa jina la Lord Spikeheart, alitoa The Adept na kumtolea heshima mama mkuu wa ukoo wake, Muthoni wa Kirima, Field Marshal wa Mau Mau. Msitu wake ni Nyandarua, na bibi yake aliishi ndani yake na bunduki. Quorthon angemwonea wivu.

Kwa upekee, basi, naiweka Duma juu ya Maasai Hip Hop, kwa sababu haina sehemu ya kachumbari. Kwa mazingira naiweka Maasai Hip Hop juu, kwa sababu ukiifungua unajua uko mji gani, na hilo Duma haijali kukuambia. Juu ya zote mbili bado naiweka Hammerheart kwa ukamilifu wa albamu kama kitu kimoja, na Dissection naiacha pale ilipo, nzuri na yenye doa.

Wenye redio za Arusha wana deni hapa. Albamu iliyoutambulisha mji huu Ulaya inapigwa kwa wimbo mmoja mmoja, siku za kumbukumbu. Itengeni saa moja ya usiku, ipigeni nzima bila kukata, kisha fungueni simu na waacheni watu wa Sakina, Njiro na Longido waiseme wenyewe kama hiyo hewa ni yao.